Kulegea au Kutanuka? Istilahi za Flavonoidi na Mishipa ya Damu

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili siku hizi, vijitabu na vikaratasi vya elimu ya afya vina nafasi kubwa. Wizara huvitaka, hospitali huvitaka, mashirika huvitaka, na kila mmoja huvitaka kwa haraka. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la elimu ya mwili linalotajwa mara kwa mara katika maandishi ya namna hiyo, nalo ni jinsi kampaundi fulani za mimea ziitwazo flavonoidi zinavyoifanya mishipa ya damu itanuke. Hatukulichagua kwa ugeni wake. Tumelichagua kwa kuwa sentensi yake moja, tuliyoifasiri sisi wenyewe, ilitufedhehesha mbele ya watu, na ingeweza kumdhuru msomaji.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tulipewa kikaratasi cha ukurasa mmoja juu ya vyakula na shinikizo la damu. Sentensi ya tatu tuliifasiri hivi: "Flavonoidi hulegeza mishipa ya damu." Tuliiona sentensi safi, kila neno lilikuwa na mwenzake katika asili, na kamusi ilituunga mkono. Kabla ya kupigwa chapa, kikaratasi kilisomwa kwa sauti katika kliniki moja mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu. Mama mmoja wa makamo akainua mkono. "Mwanangu," akamwambia msomaji, "mimi mishipa yangu imeshalegea tangu uzazi wa tano. Sasa mwataka kunilegeza tena?" Wanaume waliokuwapo wakacheka chinichini, kwa sababu isiyohitaji maelezo marefu: katika matangazo ya waganga yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, mishipa iliyolegea ni maradhi ya wanaume, na dawa yake huuzwa kwa bei kubwa. Lakini mzee mmoja hakucheka. Alimfuata muuguzi pembeni akamwuliza kama vidonge anavyopewa kila mwezi navyo hulegeza mishipa, maana kama ndivyo, aliona ni heri aviache.

Hilo la mwisho ndilo lililotuondolea usingizi. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu akiacha dawa zake kwa sababu ya kitenzi kimoja, kosa haliwezi tena kuitwa dogo.

Neno mshipa

Tuanze na nomino. Katika Kiswahili mshipa ni neno pana mno. Njia ya damu ni mshipa, na uzi wa fahamu upelekao habari kwenye ubongo nao ni mshipa. Kinachopiga kifundoni mwa mkono tunakiita mshipa. Ugonjwa wa kuvimba korodani, katika sehemu nyingi, huitwa mshipa pia, na asemaye "ana mshipa" hafikiriwi kuwa anazungumzia damu hata kidogo. Upana huu hauna ubaya katika mazungumzo, maana msikilizaji huongozwa na mahali na wakati. Kikaratasi hakina mahali wala wakati. Husomwa na mtu peke yake, nyumbani, akiwa na hofu yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayoipendekeza ni nyepesi: katika maandishi ya afya neno mshipa lisiachwe peke yake hata mara moja. Liandikwe mshipa wa damu au mshipa wa fahamu, hata kama sentensi itarefuka.

Kwa maandishi ya kitaalamu hata mshipa wa damu hautoshi. Vitabu vya shule vimekwisha kutuzoesha maneno matatu ya kutoholewa: ateri, itoayo damu moyoni, vena, irudishayo damu moyoni, na kapilari, vijinjia vyembamba kama unywele, au vyembamba kuliko unywele, ambamo damu hupeana na mwili chakula na hewa. Tofauti hii ina kazi katika mada yetu. Ukuta wa kapilari hauna misuli, na kisicho na misuli hakiwezi kukaza wala kulegea kwa namna tunayoizungumzia. Mambo tutakayoyaeleza hutokea hasa katika ateri, na zaidi katika zile ateri ndogo ambazo ndizo hudhibiti shinikizo. Mfasiri aandikaye mishipa yote ya damu anakuwa ameiingiza kapilari mahali isipohusika.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La nje ni tishu ya kuunganisha na kulinda. La katikati ni misuli laini iliyoizunguka ateri kama mikono iliyoshika bomba. Hapa pana mtego mwingine: misuli hiyo haikuitwa laini kwa kuwa ni teketeke. Iliitwa hivyo kwa kuwa ikitazamwa kwa darubini haina milia, tofauti na misuli ya mkono au ya paja. Tumewahi kuona tafsiri iliyosema "misuli mororo", na hapo mwandishi alikuwa amefasiri kivuli cha neno akaiacha dhana. La tatu, la ndani kabisa, ni utando wa seli uliopangika safu moja tu, ambao damu huusugua kila moyo unapopiga. Utando huo ndio wataalamu huuita endothelia. Sauti ya th tunayo tangu zamani katika thamani na thelathini, basi neno hili halimtaabishi mtamkaji, na twaonelea litumike katika vitabu vya wataalamu. Kwa msomaji wa kawaida, utando wa ndani wa mshipa wa damu watosha.

Kipande cha sungura

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba utando huu ni kama bitana ya koti: huzuia msuguano, basi. Kilichobadili fikira hiyo ni kazi ya Robert Furchgott, mtaalamu wa elimu ya dawa huko Brooklyn, New York. Yeye alikuwa akitundika vipande vya aota ya sungura katika maji yenye chumvi, akitia dawa mbalimbali na kupima kama kipande kinakaza au kinalegea. Palikuwa na kitendawili. Dawa iitwayo asetilikolini, ikitiwa katika mwili wa mnyama aliye hai, huitanua mishipa ya damu. Ikitiwa juu ya vile vipande, ilivikaza. Mwaka 1980 yeye pamoja na John Zawadzki walichapisha jibu. Katika kukata na kuandaa vipande, uso wa ndani ulikuwa ukisuguliwa na endothelia kubanduka. Palipotumika kipande ambacho utando wake haukuguswa, asetilikolini ilikilegeza. Tena walichukua kipande kilichobanduliwa utando, wakakilaza uso kwa uso na kipande chenye utando mzima, na kile cha kwanza nacho kikalegea. Ilikuwa dhahiri kwamba utando unatoa kitu, na kitu hicho kinavuka kwenda kwenye misuli.

Kitu gani? Hapakuwa na aliyejua. Ndipo wakakipa jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema kilegezi kitokacho endothelia. Sisi tushughulikao na istilahi tunapaswa kulitazama jina hili kwa makini, kwa kuwa ni mfano mwema wa jinsi ya kuita kitu ambacho bado hakijulikani. Halikudai kujua zaidi ya kilichojulikana. Lilitaja kazi na mahali, likaishia hapo. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa kazi yake, walitoa hoja kwamba kilegezi hicho ni nitriki oksidi, na mwaka 1987 Salvador Moncada na wenzake nchini Uingereza, na vilevile Ignarro na wenzake nchini Marekani, walitoa ushahidi. Tangu hapo jina la kwanza lilianza kuachwa, kama banda la mafundi linavyobomolewa nyumba ikiisha. Furchgott, Ignarro na Ferid Murad, ambaye alikuwa ameonyesha mwaka 1977 kwamba dawa ya nitrogliserini hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwa wapendao mizaha ya historia, nitrogliserini ndiyo ile ile iliyomtajirisha Alfred Nobel kwa baruti kali.

Ajabu iliyowashangaza wengi ni kwamba mjumbe huyu ni gesi, tena gesi idumuyo sekunde chache tu. Seli za endothelia zina kimeng'enya kinachoitengeneza kutokana na asidi-amino iitwayo arginini. Gesi huvuka utando wa seli bila kubisha hodi, huingia katika seli ya msuli laini, huamsha kimeng'enya kingine, na mwisho wa mfululizo huo kalsiamu iliyo huru ndani ya seli hupungua. Kalsiamu ndiyo inayoamrisha msuli ukaze. Ikipungua, msuli huachia.

Hapa tuna maneno mawili ya kuyasemea. La kwanza ni kimeng'enya. Neno hili lilibuniwa kutokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni, na limekwisha kushika. Lakini vimeng'enya viwili tulivyovitaja havimeng'enyi chakula, kimojawapo kinajenga. Je, libadilishwe? La hasha. Neno likishaota mizizi madarasani, kuling'oa kuna hasara kuliko kuliacha, na mwalimu aweza kueleza kwa sentensi moja kwamba jina ni la kazi ya kwanza iliyojulikana. Tumelitaja ili litukumbushe kwamba jina la kazi laweza kubana baadaye, kama kiatu cha mtoto.

La pili ni lenye hatari. Katika miswada kadhaa tumekuta nitriki oksidi ikiandikwa "oksidi ya nitrojeni". Oksidi za nitrojeni ni nyingi. Ipo nitrasi oksidi, ambayo madaktari huitumia kupunguzia wagonjwa maumivu na kuwalaza, na wengine huiita gesi ya kuchekesha. Ipo nitrojeni dioksidi, gesi ya kahawia yenye sumu itokayo pamoja na moshi wa magari. Na ipo hii yetu, yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Kuziita zote kwa jina moja ni sawa na kuwaita ndugu watatu kwa jina la ukoo mbele ya hakimu. Kwa hiyo tunashauri nitriki oksidi litumike, na mara ya kwanza ifuatiwe na alama yake ya kikemia, NO.

Vitenzi

Sasa turudi kwa yule mama. Alichokataa hakikuwa sayansi. Alikataa kitenzi kilichopewa mtendwa asiye wake. Kulegea katika Kiswahili husemwa juu ya kitu kilichofungwa au kilichokazwa: fundo hulegea, kamba hulegea, parafujo hulegea. Kikisemwa juu ya mtu au kiungo chake, aghalabu ni lawama au ugonjwa. Mtoto mwenye homa amelegea. Mlevi amelegea. Basi mishipa iliyolegea ni mishipa iliyochoka, isiyoweza kazi. Lugha ya asili ya kikaratasi chetu hutumia kitenzi ambacho kwa wenyewe kina harufu ya mapumziko na raha. Chetu kina harufu ya udhaifu. Kamusi haina pua ya kutuambia hayo.

Isitoshe, maelezo ya hapo juu yanaonyesha kwamba matukio ni mawili. Msuli unaacha kukaza. Kwa sababu hiyo njia ya damu inakuwa pana zaidi. Lugha za Ulaya huruhusu tukio la kwanza lisemwe juu ya mshipa mzima, na wasomaji wao hawaoni tatizo. Kiswahili chetu kinataka kila tukio lipate mwenyewe. Tunapendekeza basi kwamba misuli ndiyo ilegee au, vizuri zaidi kwa wasomaji wa kawaida, iache kukaza. Na mshipa wa damu utanuke. Kutanuka tayari kunatumika katika masomo ya fizikia kwa chuma kinachopata moto, na hakuna atakayefikiri kwamba chuma hicho kinaumwa. Kinyume chake, katika mada hii, kisiwe kusinyaa, kwa kuwa kinachosinyaa ni ua au ngozi ya mzee. Mshipa wa damu hubana.

Wapo watakaosema haya ni kuchambua nywele. Hesabu inakataa. Kwa kanuni ya mtiririko iliyotolewa na Poiseuille, daktari wa Ufaransa, katika miaka ya 1840, kiasi cha kimiminika kipitacho katika bomba jembamba hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, na shinikizo likibaki lile lile, kimiminika kipitacho huongezeka kwa asilimia 46 hivi. Ateri si bomba la chuma na damu si maji matupu, lakini mwelekeo ni huo. Moyo unaosukuma damu katika njia zilizobana hufanya kazi ya kumchosha. Njia zikitanuka kidogo tu, mzigo hupungua sana. Msomaji akielewa kutanuka, amepata kiini cha jambo. Akielewa kulegea kwa maana ya yule mama, amepata kinyume chake.

Jina flavonoidi

Flavonoidi ni jamii ya maelfu ya kampaundi zinazotengenezwa na mimea. Kiunzi chake ni atomu 15 za kaboni: pete mbili za atomu sita sita, zilizounganishwa na daraja la atomu tatu. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya manjano. Kwa kuona asili hiyo, wenzetu waliwahi kupendekeza istilahi ya Kiswahili itakayobeba umanjano. Tunaomba radhi kuikataa. Baadhi ya flavonoidi ni za manjano kweli, lakini zile ziitwazo anthosiyanini ndizo zinazoupa uwekundu choya, ambayo wengine huiita rozela, na ndizo zinazotia rangi ya zambarau katika biringani. Na epikatekini ya kakao haina rangi. Jina la Kilatini lilipotoka kidogo tangu kuzaliwa. Hatuna sababu ya kulifasiri pamoja na upotofu wake. Litoholewe. Mwanzo wa fl si mgeni kwetu, kwa kuwa tunavaa flana.

Jamii hii ilikwisha kupata ajali ya jina mara moja. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, yule aliyepata kuitenga vitamini C, pamoja na wenzake, alidhani kwamba flavonoidi za malimau na pilipili hoho ni vitamini mpya, wakaiita vitamini P. Kumbe mtu hapati ugonjwa wa upungufu kwa kuzikosa, na kitu kisicho na sharti hilo hakistahili kuitwa vitamini. Ilipofika miaka ya 1950 jina hilo liliachwa na wataalamu. Lakini jina baya hufa polepole, na hata leo mfasiri aweza kulikuta katika karatasi za matangazo. Akilikuta asilihamishie katika Kiswahili.

Ndani ya jamii mna makundi, na majina yake ni mtihani wa macho. Kuna flavanoli, kama epikatekini, zipatikanazo katika kakao na chai. Kuna flavonoli, kama kwersetini, zipatikanazo hasa katika vitunguu maji. Kuna flavanoni, zipatikanazo katika machungwa. Tofauti ya flavanoli na flavonoli ni irabu moja. Kwa kuwa utohoaji wetu mara nyingi hucheza na irabu ili maneno yatamkike vizuri, tunawasihi wafasiri na wapiga chapa wasiziguse irabu za ndani za majina haya. Kinachoongezwa ni irabu ya mwisho tu. Tumeona jedwali moja la lishe ambamo kakao ilipewa sifa za kitunguu kwa kosa la herufi hiyo moja.

Flavonoidi hutendaje? Zamani jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba zinazuia oksidishaji, yaani zinafagia molekuli kali zinazounguza seli. Jibu hilo halikuwa uongo ndani ya chupa ya maabara, ila mwilini flavonoidi zinazofika katika damu ni kidogo sana, na nyingi zimekwisha kubadilishwa umbo na utumbo na ini. Leo maelezo yenye nguvu zaidi yanapitia kwenye ule utando wa ndani. Epikatekini na mazao yake huonekana kuongeza nitriki oksidi iliyopo, kwa kukichochea kimeng'enya kinachoitengeneza na kwa kukizuia kimeng'enya kingine kinachozalisha molekuli zinazoiharibu. Baadhi ya flavonoidi nyingine, katika majaribio ya maabara, hugusa moja kwa moja milango ya kalsiamu na potasiamu katika msuli laini. Kwa hiyo yule aandikaye kwamba flavonoidi "husafisha mishipa" au "huondoa sumu katika damu" anaandika lugha ya soko. Hakuna kinachosafishwa. Mshipa wa damu haukuwa mchafu, ulikuwa umebana.

Wakati wa hu-

Tumebakisha jambo la sarufi ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko istilahi zote zilizotangulia. Kiswahili kina kiambishi hu-, chenye kueleza mazoea na kanuni zisizobadilika: jua huchomoza mashariki, maji huchemka. Mfasiri wa mambo ya sayansi hukipenda, nasi katika makala haya tumekitumia mara nyingi. Lakini hu- ikiwekwa juu ya matokeo ya jaribio moja, huligeuza jaribio kuwa kanuni ya ulimwengu.

Chukua choya. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limeanza kupanda au limepanda kidogo, wasiotumia dawa za shinikizo. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku, kila kimoja mililita 240, kwa wiki sita, shinikizo lao la juu, yaani lile la moyo unapokaza, lilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki. Waliokunywa kinywaji cha kufananishia lilishuka milimita 1.3. Ni matokeo ya kutia moyo. Katika Kiswahili cha vikaratasi yamekuwa: "Choya hushusha presha." Wako wapi wale watu 65? Ziko wapi zile wiki sita? Na yule mwenye shinikizo la 190, ambaye hakuwamo katika jaribio lile, anajuaje kwamba sentensi haimhusu? Twaonelea iandikwe: "Katika jaribio moja, watu ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo, walipokunywa choya kila siku kwa wiki sita, lilipungua kwa kiasi." Ni ndefu. Haina ladha ya tangazo. Lakini ni ya kweli, na haimwambii mtu aache vidonge.

Kakao nayo ina historia ya namna hiyo. Norman Hollenberg wa Boston aliwachunguza Wakuna wa visiwa vya San Blas nchini Panama, ambao leo jina lao rasmi huandikwa Guna. Waliobaki visiwani walikunywa kakao kwa wingi, na shinikizo lao halikupanda kwa umri kama ilivyo kawaida kwingineko. Waliohamia mjini Panama lilipanda. Taarifa hiyo ya mwaka 1997 iliamsha tafiti nyingi. Ila kuhama kisiwa ni kubadili mengi zaidi ya kinywaji. Lilipofanywa jaribio kubwa nchini Marekani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, watu 21,442 wakipewa kwa kura ama miligramu 500 za flavanoli za kakao kwa siku ama kidonge kitupu, jumla ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu haikupungua kwa kiasi cha kuthibitisha. Vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilionekana kupungua kwa asilimia 27, lakini hicho hakikuwa kipimo kikuu cha jaribio. Mfasiri ana wajibu wa kuyabeba yote mawili. Akichukua la pili tu, ametunga.

Tena kakao inayosemwa hapa si kila kakao. Ile iliyotiwa alkali ili iwe nyeusi na isiwe chungu imepoteza sehemu kubwa ya flavanoli zake, na peremende ya chokoleti ni sukari na mafuta kwa wingi. Mkulima wa Kyela anayevundika na kuanika kakao yake anaijua ladha ya uchungu ambayo mtoto wa mjini hajaionja. Flavanoli ni sehemu ya uchungu huo.

Jambo la mwisho linahusu vibandiko vya bidhaa. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya lilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia kudumisha kutanuka kwa mishipa ya damu kunakotegemea endothelia. Sheria ilipoidhinisha maneno ya kuandikwa kwenye kibandiko, yaliyochaguliwa kwa ajili ya umma yalisema kwamba flavanoli hizo husaidia kudumisha unyumbufu wa mishipa ya damu. Hivyo hata wenye lugha walipata shida ile ile iliyotupata sisi, wakaacha kutanuka na kulegea, wakakimbilia neno la tatu. Sisi hatudhani walikimbilia pema. Unyumbufu ni uwezo wa kitu kuvutika na kurudi kama mpira. Ni sifa ya ukuta. Kutanuka ni tendo la msuli ulioachia. Ateri yaweza kuwa na ukuta mgumu na bado misuli yake ikaachia kidogo. Kibandiko hicho kikifika kwa mfasiri wa Kiswahili, atalazimika kuandika unyumbufu, kwa kuwa maneno ya sheria hayabadilishwi na mfasiri. Katika kikaratasi cha kliniki hana kifungo hicho.

Kikaratasi chetu kilirudi kliniki baada ya wiki mbili. Sentensi ya tatu sasa ilisomeka hivi: "Baadhi ya vyakula vya mimea, kama vitunguu, machungwa, chai na kakao isiyotiwa sukari, vina vitu viitwavyo flavonoidi, vinavyoweza kusaidia misuli iliyo katika kuta za mishipa ya damu iache kukaza, ili njia ya damu itanuke na damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu nyingi, vyakula hivi si badala ya dawa ulizopewa." Kilisomwa tena kwa sauti. Mama yule alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza vitunguu viliwe vibichi au vya kupika. Swali hilo tumelipeleka kwa wataalamu wa lishe.